Mshipa wa Saba

Chai ndiyo iliyotoa siri. Mzee Tabasamu alipiga funda la kwanza, na nusu yake ikashuka kidevuni, ikapitia shingoni, ikaingia ndani ya shati bila hodi. Akajifuta, akadhani kikombe kina ufa. Akabadilisha kikombe. Funda la pili likafuata njia ileile.

"Umerudi utotoni leo?" mkewe akamtania, huku akimpelekea kitambaa. Kisha akamtazama vizuri, na kitambaa kikamponyoka.

Upande wa kushoto wa uso wa mumewe ulikuwa umelala. Shavu limelegea kama soksi iliyokatika mpira, pembe ya mdomo imeshuka, na jicho liko wazi linatazama ukuta kana kwamba lina miadi nao. Upande wa kulia ulikuwa mzima kabisa, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa anajaribu kutabasamu ili kumtuliza, upande huo ulipanda peke yake mpaka karibu na sikio.

"Nini? Mbona unanitumbulia macho?" aliuliza, na kila neno linalohitaji midomo likamtoka na upepo.

Uso huo, tuseme mapema, haukuwa wa kuchezea. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tabasamu kwa sababu alikuwa mpiga picha, na alikuwa na namna yake ya kazi ambayo hakujifunza kwa mtu. Mteja akiketi kwenye kiti, amekakamaa kama anangoja hukumu, yeye hakumwambia tabasamu wala legeza bega. Alikuwa akitoa kichwa pembeni mwa kamera, anauchanua uso wake wote, halafu anasema, "Fanya kama mimi." Na mteja alifanya. Watoto walifanya, askari walifanya, hata wazee waliokuja na ugomvi wao kutoka nyumbani walifanya. Kamera angeweza kuazima. Uso ulikuwa mmoja.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka na Shangazi akatoka. Huyu ni dada mkubwa wa Mzee Tabasamu, aliyekuja kutembea mwaka juzi na bado hajamaliza kutembea. Alimtazama mdogo wake mara moja tu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kiharusi! Jamani, kiharusi kimemchukua mdogo wangu nami niko usingizini!" Simu ilikuwa sikioni kabla machozi hayajafika mashavuni. "Haloo? Njooni! Amepinda! Ndiyo, amepinda! Waambie na wengine, na anayejua ilipo suti yake ya harusi aseme."

"Dada, mimi sijafa," alisema Mzee Tabasamu.

"Nyamaza, usijichoshe."

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji, amesahau kuiweka chini. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha udaktari, na kwa hiyo Shangazi alimwita Daktari Nusu, jina ambalo halikuwa na ubaya ila lilikuwa na ukweli mwingi. Kwenye karatasi hakuna aliyemfikia. Shida ilikuwa mdomo. Kabla ya likizo walimu watatu walimweka kitako, wakamwambia ataje mishipa kumi na miwili ya fahamu inayotoka kwenye ubongo na kazi ya kila mmoja. Aliijua yote kama vidole vyake. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu, akaufunga. Wakamwambia arudi kujaribu tena chuo kikifunguliwa. Hapo nyumbani alimwambia mama yake tu, tena kwa kunong'ona.

"Mwambieni ainue nyusi," akasema sasa. Alikuwa anaiambia sufuria.

Mama hakusikia. Shangazi, aliyekuwa analia na kupiga simu kwa wakati mmoja, hata hakujua kama kuna mtu amesema. Lakini sufuria ilipogusa meza, kwa kishindo kidogo tu, Mzee Tabasamu aliruka, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja.

Binti aliona. Akasogea mpaka mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, nitazame. Inua nyusi, kama umeona jambo la ajabu."

"Nimeshaliona," alijibu baba yake, akimtupia jicho dada yake. Akainua. Upande wa kulia wa paji la uso ukajikunja mikunjo yake ya siku zote. Wa kushoto ukabaki laini kama shuka lililopigwa pasi.

"Fumba macho."

La kulia likafumba. La kushoto likashindwa, mboni ikapanda juu ikajificha, ikaacha weupe mtupu. Shangazi akapiga yowe.

"Si kiharusi," alisema binti, na safari hii aliiambia meza, jambo ambalo lilikuwa ni kupiga hatua. "Paji la uso linapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi kikizima upande mmoja, mwingine unashika zamu, paji linaendelea kujikunja. Kwa Baba hata paji limelala. Basi hitilafu haiko ubongoni. Iko kwenye mshipa wenyewe wa fahamu, unaotokea hapa, nyuma ya sikio. Mshipa wa saba."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kabla ya chai.

"Una uhakika, mwanangu?" mama akauliza.

"Ainue Shangazi, mwone."

Shangazi aliinua nyusi mpaka kitambaa cha kichwani kikasogea nyuma. Pande zote mbili. Yeye mwenyewe alionekana kufarijika.

"Lakini lazima hospitali leo," binti akaongeza haraka, kabla ujasiri haujamwisha. "Leo, si kesho. Dawa yake inataka kuwahi."

Walipokuwa wanatafuta viatu, Shangazi alikuwa bado kwenye simu, anabembeleza upande wa pili. "Basi, basi, usilie tena. Wanasema ni mshipa. Eh, mshipa tu. Rudisha hilo turubai kwa mwenyewe."

*

Daktari wa hospitali, mama mmoja mchovu mwenye miwani kichwani na nyingine puani, alimwambia Mzee Tabasamu ainue nyusi, afumbe macho, ajaze mashavu upepo, aonyeshe meno. Akampima sukari na presha, akamchungulia sikio, akamwandikia vidonge, dawa ya matone, na pamba na plasta ya kufunikia jicho ili lisikauke. Wengi hupona, alisema, wengine kwa wiki chache, wengine kwa miezi, na uso haupangiwi tarehe.

"Nani aliyewahisha hivi? Wengi wananijia wameshasuguliwa mawe ya moto."

Mzee Tabasamu alimwonyesha kwa kidole. Binti alikuwa ameugeukia ukuta, anasoma tangazo la kunawa mikono kwa makini makubwa.

Jioni ile sebule ilijaa, maana si kila aliyeitwa na Shangazi alipata habari za kutengua mwito. Alikuwepo baba mdogo, aliyesema anapita mara moja tu, na majirani wawili waliokuja na nyuso za msiba wakakuta watu wanakula. Wote walitaka kujua mshipa wa saba ni mshipa gani, na hao sita waliotangulia wako wapi.

"Tueleze, Daktari Nusu," Shangazi akaamuru. "Tumekulipia ada tusikie."

Binti aliukazia macho mkeka. Akaona afadhali awaeleze kwa mifano ya watu wanaowajua. Wa kwanza, alisema, ni wa kunusa. Huo ni Mama, ambaye husikia harufu ya kuungua kabla moto haujawashwa. Wa pili ni wa kuona, na huo ni Baba na kamera yake. Wa tatu, wa nne na wa sita kazi yao ni kuligeuza jicho tu, kama vijana watatu wanaohamisha kabati moja. Wa tatu anabeba karibu lote, wa nne anasaidia kuliinamisha, wa sita analisukuma kwenda nje.

"Watatu kwa jicho moja!" akasema baba mdogo. "Hiyo ni ofisi ya serikali."

"Wa tano unahisi uso, na ndio unaotafuna."

"Huo ni mimi," Shangazi akasema kwa haraka, na kweli alikuwa anatafuna.

"Wa nane unasikia, tena unatushikilia tusianguke. Wa tisa unasaidia kumeza. Wa kumi..." Hapo alitabasamu kidogo, kwa siri. "Wa kumi haukai kichwani. Unatoka, unashuka shingoni, unapita kwenye moyo, unapita kwenye mapafu, unafika mpaka tumboni, kila mahali unabisha hodi."

Wote wakamgeukia baba mdogo. Huyu ndiye aliyewahi kutumwa kiberiti asubuhi akaonekana mtaa wa tatu jioni, anasalimia.

"Mimi natazama ndugu," akajitetea.

"Nao unatazama ndugu. Wa kumi na moja unapandisha mabega. Mama akiuliza nani kaacha bomba wazi, nyumba nzima inautumia huo. Na wa kumi na mbili..." Binti akasita. "Wa kumi na mbili ni ulimi."

Hakuna aliyemtazama Shangazi. Kila mmoja alipata kitu cha kukitazama darini.

"Semeni tu," akasema Shangazi. "Nimeshajichagulia wa tano."

"Na wangu?" Mzee Tabasamu aliuliza kutoka pembeni, ameketi na pamba jichoni.

"Wako ni uso wote, Baba. Kukunja, kufumba, kucheka. Unaleta machozi, unaonja kwa mbele ya ulimi. Na una kimsuli kidogo ndani ya sikio kinachopunguza makelele. Kikilala, kila sauti inaingia na viatu."

"Kwa hiyo nikisema sauti ya dada inaniumiza sikio, ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa, Baba."

"Basi huu mimi ninao tangu utoto."

Sebule ikaangua kicheko, Shangazi naye akacheka mpaka akapaliwa. Mzee Tabasamu alicheka kwa upande mmoja. Kisha akainuka taratibu, akaenda kusimama mbele ya kioo cha ukutani akiwa amewapa mgongo, na hakurudi kuketi.

*

Walimwambia apumzike. Akasema mtu hupumzika akichoka, naye hajachoka, amepinda tu. Kesho yake alifungua studio. Plasta ya jichoni haikumsumbua, maana tangu ujana alikuwa analifumba jicho la kushoto akichungulia kwenye kamera. Sasa lilikuja limeshafumbwa kutoka nyumbani. Binti alimfuata ili amtie matone, na mama akaja kushika zamu ya kusafisha picha kwenye mashine.

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuja kupiga picha za kitambulisho. Baada yake dereva wa lori, na baada yake bwana mmoja aliyetaka picha ya kumpelekea mchumba. Mzee Tabasamu akatoa kichwa pembeni, akasema, "Fanya kama mimi," akabonyeza.

Fundi cherehani ndiye aliyerudi wa kwanza, ameishika bahasha kwa ncha za vidole.

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi jana nilikuja hapa mzima. Huyu ni nani umenipa?"

Kwenye picha shavu lake moja lilikuwa limepanda, jingine limeshuka, kama mtu anayesikiliza uongo. Dereva akaja akasema karani wa dirishani amemuuliza ajali ilitokea wapi. Bwana wa mchumba hakuja. Alimtuma dada yake, na dada yake hakusalimia.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Chap Chap, kijana mwenye simu moja kubwa na shuka jeupe alilolipigilia ukutani, akaliita studio. Alikuwa na masikio. "Picha zilizonyooka!" akaanza kunadi. "Hapa hatupindi mtu!"

Katikati ya hayo akaingia Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani. Alikuwa mtu mrefu, amefunga kifungo cha juu kabisa cha shati, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona meno yake. Kila mwaka darasa la mwisho lilipiga picha moja ndefu ya kuagana, kila mzazi akachukua nakala, na picha hiyo ndiyo iliyoifanya studio iitwe studio miezi ile ambayo watu hawana harusi wala safari. Mwalimu Mkuu alimtazama Mzee Tabasamu, kisha akamgeukia binti.

"Anasikia?"

"Nasikia, Mwalimu," akajibu Mzee Tabasamu.

Mwalimu Mkuu akamwinamia kwenye sikio la kushoto, lilelile, akapaza sauti kama yuko gwarideni. "POLE SANA, MZEE!"

Mzee Tabasamu nusura aiangushe kamera. Mama akamdaka mkono. Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa kwa huruma, akaona hali ni mbaya kuliko alivyoambiwa. Ndipo macho yake yakaangukia picha za fundi cherehani mezani. Akaiokota moja, akaitazama, akaigeuza, akainamisha na kichwa chake kuifuata.

"Wanafunzi wangu wakitoka hivi, wazazi watanila nyama," alimwambia binti, kana kwamba mwenye studio ameshatoka. "Ijumaa mje, kwa heshima ya miaka yetu. Lakini yule kijana wa pale nje nitamweka karibu. Nikiona hata mmoja amepinda, mmoja tu, kazi ni yake, mwaka huu na miaka ijayo. Mwambieni mzee, taratibu."

Alipotoka, Mzee Tabasamu aliifunika kamera kwa kitambaa chake, akavuta pindo la kitambaa likae sawa, kama mtu anayemfunika mtoto.

*

Binti alizitandaza zile picha juu ya meza ya kulia chakula. Alizitazama mpaka uji ukapoa. Wote wamepinda, na wote upande mmoja. Mashine haiwezi kupinda mashavu peke yake na kuyaacha masikio.

"Mama, hebu keti. Baba, mwambie kama unavyowaambiaga."

"Fanya kama mimi," alisema Mzee Tabasamu bila moyo.

Mama akafanya. Shavu moja likapanda, jingine likashuka.

"Mama, unatabasamu vipi?"

"Vizuri tu. Kwani vipi?"

Shangazi akamletea kioo. Mama akajiona, akapiga ukelele, halafu akacheka mpaka akalala juu ya zile picha. Binti naye akacheka, akasimama alipomwona baba yake hacheki.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Sikuwa nawapiga picha. Nilikuwa nawaambukiza."

"Basi usiwafanyie uso, Baba. Bonyeza tu."

"Nikibonyeza tu watatoka maiti. Umeona picha za Chap Chap? Zimenyooka, ndiyo. Zimenyooka kama maiti." Akasukuma kikombe mbele. "Anatakiwa mtu asimame pembeni yangu awafanyie. Mwenye uso."

"Mimi hapa," akasema Shangazi.

Wakamjaribu, maana asingekubali wasipomjaribu. Shangazi alisimama, akavuta pumzi, akautoa uso wake mzima. Mtoto wa jirani aliyekuja kuazima kisu akarudi kwao bila kisu.

"Mama?"

"Mimi nitacheka. Nikicheka nashika tumbo, unajua."

Macho yote matatu ya wazazi, mawili ya mama na moja la baba, yakamwelekea binti. Alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Siwezi. Baba, siwezi. Watu watatu tu walinishinda." Na hapo ikatoka yote, walimu watatu, mdomo uliofunguka ukafungwa, kurudi kujaribu tena. Aliisema kwa sauti ya chini sana, ila sikio la kushoto la baba yake halikukosa hata neno.

Mzee Tabasamu alisogeza kiti chake karibu naye.

"Wale walimu," akauliza, "ulikuwa unawatazama?"

"Nilikuwa natazama viatu vyangu."

"Ndiyo maana. Mwanangu, mimi maisha yangu yote nawafanyia watu sura za kipuuzi. Unadhani kuna aliyewahi kunitazama akasema huyu mzee mpuuzi? Mtu akikaa mbele ya kamera anajiwaza yeye. Meno yangu yakoje, kola yangu imekaaje. Wewe watazame tu. Ukiwatazama sana, unasahau kwamba na wewe uko pale."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza nitasema mimi, nao watapinda, na Chap Chap atapata shule." Alisema bila kumlaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hilo ndilo lililomkata maini.

*

Ijumaa viti vilipangwa uwanjani, warefu nyuma juu ya mabenchi, wafupi mbele, na walimu katikati yao. Mwalimu Mkuu alikaa katikati ya katikati. Chap Chap alisimama kando na simu yake, anaipangusa kwenye shati, anaipangusa tena. Shangazi alikuja bila kualikwa, akajitwalia kivuli.

Binti alipanda juu ya kreti la soda pembeni mwa kamera.

"Fanyeni kama mimi," alisema.

"Hatusikiiii!" wakajibu wa nyuma, kwa furaha.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliona Mwalimu Mkuu anamtupia jicho Chap Chap, na Chap Chap anasogea hatua mbele. Alimsikia baba yake, chini yake kidogo, akivuta pumzi ya kusema mwenyewe. Kichwani mwake hapakuwa na utani wala neno la kuchekesha. Palikuwa na mtihani tu. Basi akautoa huo.

"Inueni nyusi!"

Sauti ilimshtua yeye mwenyewe. Nyusi zikapanda, safu kwa safu. Naye akaanza kuzitazama kweli, kulia, kushoto, wa mwanzo, wa pili, kama alivyofundishwa, na macho yalipopata kazi, ulimi ukafuata.

"Wewe wa tatu, umeinua mabega! Huo ni mshipa wa kumi na moja, sijakuomba! Haya, fumbeni macho! Kwa nguvu, hata nikija kuyafungua nisiweze!"

Vicheko vikaanza huku macho yamefumbwa.

"Fumbueni! Jazeni mashavu upepo! Zaidi! Mwalimu wa hesabu, na wewe!"

Mwalimu wa hesabu akajaza. Safu ya nyuma ikashindwa kujizuia, upepo ukatoka kwa sauti isiyo ya adabu, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Chini ya kivuli Shangazi alikuwa amejaza mashavu yake mpaka macho yamepotea.

"Na sasa nionyesheni meno!"

Zaidi ya nyuso mia zikachanuka kwa pamoja, pande zote mbili. Mzee Tabasamu akabonyeza.

*

Picha ilipotoka kwenye mashine waliilaza mezani, wakaikagua kwa kioo cha kukuzia. Mama alishika safu ya nyuma, binti ya kati, Shangazi alishika kila mahali. Huyu amenyooka. Na huyu. Huyu ana jino moja tu lakini limenyooka. Wakaanza kupumua.

Kisha kidole cha Mzee Tabasamu kikasimama katikati ya safu ya mbele, hakikuondoka.

Katikati ya nyuso zote zilizochanuka, Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa wima, kifungo kimefungwa, shavu moja limepanda na jingine limeshuka.

"Mmoja tu," alinong'ona mama.

"Hakukutazama wewe," Mzee Tabasamu alimwambia binti yake. "Mtu mkubwa kama yule atafuataje amri za msichana? Alinitazama mimi. Na mimi nikibonyeza huwa nacheka, sijui kubonyeza bila kucheka."

Shangazi alishauri wamdondoshee wino wa bahati mbaya. Mama alishauri wampelekee Chap Chap, kuna watu wananyoosha nyuso kwenye simu siku hizi.

"Nimpigie magoti Chap Chap? Bora nipinde na upande wa pili."

Wakaipeleka ilivyo. Mwalimu Mkuu aliifungua ofisini kwake, akaitazama muda mrefu. Hakusema imenyooka, hakusema imepinda. Akairudisha kwenye bahasha. "Nitawajulisha," alisema, na mlango ukafungwa.

Wiki ikapita, na nyingine. Vidonge vikaisha, matone yakaendelea. Kila asubuhi binti alisema, "Baba, inua nyusi," na kila asubuhi upande wa kulia ukapanda peke yake. Mzee Tabasamu aliacha kujitazama kwenye kioo. Alianza kumuuliza mkewe, kama mzaha, studio ikiwa duka la mayai itaonekanaje.

Siku moja kabla binti hajarudi chuoni, mwanamke mnene, mwenye mwendo wa mtu asiyebisha hodi, aliingia studio ameishika ile picha ndefu.

"Nani amepiga hii?"

"Mimi, mama," akasema Mzee Tabasamu, akasimama kupokea hukumu yake.

"Mimi ni mke wa Mwalimu Mkuu. Nimeishi na yule mtu tangu ujana wetu. Picha yetu ya harusi, ukiiona, utasema mimi naolewa na yeye anazikwa." Akagonga katikati ya safu ya mbele kwa ukucha. "Hapa anatabasamu! Kidogo, upande upande, lakini anatabasamu! Alitaka kuificha, nikaikuta chini ya godoro. Nataka yake peke yake, kubwa, ya sebuleni."

"Na mwenyewe amekubali?"

"Yuko hapo nje anasoma kibao chako."

Mwalimu Mkuu akaingia, akasafisha koo mara kadhaa. "Mke wangu anasema... ee, kazi ni nzuri. Kwa mwaka ujao, tutakuwa pamoja. Na huyu msichana awepo."

"Nitakuwa chuoni, Mwalimu," alisema binti, akimtazama usoni. "Lakini nitaomba ruhusa."

Wakamkalisha kwenye kiti. Mkewe akamfungua kifungo cha juu, naye akavumilia. Binti akasogea ili achukue nafasi yake pembeni mwa kamera, lakini mke wa Mwalimu Mkuu akamzuia.

"Hapana. Mzee mwenyewe. Nataka ileile."

Mzee Tabasamu alisita. Kisha akatoa kichwa pembeni mwa kamera, akauchanua uso kwa nusu aliyokuwa nayo. "Fanya kama mimi."

Mwalimu Mkuu akafanya. Binti alikuwa anamtazama, kwa tabia aliyokuwa ameizoea sasa, sehemu ya juu ya uso kwanza, kisha ya chini. Shavu moja limepanda, kama ilivyotarajiwa. Jingine limeshuka. Halafu lile lililoshuka likatetemeka pembeni ya mdomo, kidogo sana, kama mtu anayesukuma mlango usiku asiamshe wenzake, likapanda.

Tabasamu hilo hakulitoa kwake mwenyewe. Mwalimu Mkuu hakuwa na lake, alikuwa anafuata uso wa mwenye kamera.

Binti aligeuka taratibu kumtazama baba yake.

"Nimekosea?" akauliza Mwalimu Mkuu, maana watu wote sasa walikuwa wamemgeuzia kisogo, na mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hapana!" Binti alisema kwa sauti iliyovuka barabara, mpaka Chap Chap akainua kichwa kwenye simu yake. "Rudia, Mwalimu! Baba, rudia! Rudieni wote!"

Na Mzee Tabasamu, aliyekuwa amesimama sikio la kushoto likiwa upande wa binti yake, safari hii hakuliziba.